Kikombe cha Sheikh Dhaifallah

...basi kikombe kimeshawekwa, ameusikia mlio wake juu ya meza ya kioo, mlio mdogo tu, na papo hapo sebule nzima ikanyamaza, wanaume zaidi ya arobaini waliokuwa wakikohoa na kusogeza viti na kuulizana habari za mvua wote wakakatika kauli kwa pamoja, na Ibtihal, aliyesimama jikoni nyuma ya mlango ulioachwa wazi kiasi cha vidole viwili, akajikuta naye amezuia pumzi, mkono juu ya mpini wa birika la pili lililokuwa motoni, akiwaza kwamba ile meza hakuifuta vizuri pembeni, kuna duara la glasi ya chai ya asubuhi, wataliona, watasema mshauri wa wanafunzi anashauri watoto wa watu na meza yake inamshinda, na huu si wakati wa kuwaza meza, Mungu amsamehe, lakini hofu ikimzidi mtu akili yake huenda kujificha kwenye vitu vidogo... "Kahawa yenu tunaijua," ilikuwa sauti ya Sheikh Dhaifallah, nzito, ya mtu aliyekwisha kumaliza Ijumaa nyingi katika sebule za watu, "kahawa ya wakarimu, watoto wa wakarimu, lakini hatutaionja, wallahi hatutaionja, mpaka mtupe tulichokijia," na walichokijia kila mtu anakijua, hata paka wa jirani anakijua, wamekuja kuomba shitaka lililoko polisi liondolewe, na Basel, kijana wao, arudi shuleni Jumapili asubuhi, wiki ikianza, darasa lile lile, dawati la nyuma ya Ghaith, mwanawe Ibtihal, na habari yote ifungwe, asiisemee mtu tena, si baba si mama si mwalimu, na ili yote hayo yatimie yanatakiwa maneno matatu tu kutoka kinywani mwa Mutlaq, kaka mkubwa wa mumewe, msemaji wa ukoo, Kunyweni kahawa yenu, basi, akishayasema sheikh atakinyanyua kikombe, na kikishanyanyuliwa hakuna aliyewahi kukirudisha, tangu enzi za babu wa babu zao, na asipoyasema kahawa itapoa, na nyumba ambayo kahawa ya wageni ilipoa hutajwa harusini na misibani mpaka wajukuu wazeeke. Na Mutlaq atayasema. Aliamua tangu Jumatano, anachelewesha kwa heshima tu, kama mzee anayechelewesha kuitikia posa ya binti aliyekwisha kumwoza moyoni.

"Mama Ghaith," alinong'ona mama mkwe wake, Bi Fidda, aliyekaa juu ya godoro dogo karibu na mlango wa stoo, tasbihi mkononi, "hilo birika likimwagika leo hatuna la tatu," na Ibtihal akapunguza moto, akapunguza kidogo tu, maana wakishakunywa wanatakiwa waongezewe, ya moto, papo hapo, watu wasije wakasema, na kwenye kigoda kando ya jokofu Ghaith alikuwa anamenya iliki kwa mkono mmoja, mkono wa kulia, wa kushoto umo ndani ya plasta tangu vidoleni mpaka juu ya kiwiko, miaka kumi na mitatu, shati jeupe lililopigwa pasi na mkono wake mmoja ukakatwa mshono ili plasta ipite, bibi yake ndiye aliyempa kazi ya iliki asije akakaa bure, na kazi yenyewe haihitajiki, iliki iliyomenywa inatosha kuwanywesha watu mwezi mzima, lakini mtoto anamenya tu, anavunja ganda kwa kucha, anatoa mbegu, anaweka mbegu huku na maganda kule, hainui kichwa, Jumatano alipoambiwa na ami yake kwamba wageni watakuja na yeye ataitwa mwisho aingie ambusu Basel kichwani na Basel ambusu yeye, alisema "sawa, ami," akamgeukia mama yake akasema "sawa, mama," bila hata kuulizwa, na ile sawa ilimchoma Ibtihal mahali asipopajua, au alipajua, alipajua sana, hakutaka tu kupatazama, kama asivyotaka tangu asubuhi kutazama dirisha la juu ya sinki, kwa sababu tangu alipoanza kukaanga buni kuna mtu amesimama nje pale karibu na tangi la maji, amewapa mgongo, na hakuna mtu, anajua hakuna mtu, ni siku ya tatu mfululizo bila mvua na mtu huyo nguo zake zimelowa.

"...na wahenga hawakukosea," sheikh alikuwa anaendelea, huyu mtu akipewa nafasi atafika mpaka kwa Nabii Nuhu, "ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune, na hawa ni watoto, jamani, watoto, nani kati yetu hakurusha jiwe, nani kati yetu hakupigwa na jiwe," na sauti kadhaa zikaguna kukubali, kweli, kweli, na Ibtihal akawaza kwamba ndiyo, nyote mmerusha, ila waliopigwa hawamo humu sebuleni wanaguna, waliopigwa wako wapi, wamo majikoni, wako mitaani wanatembea karibu na ukuta, hakuna jiwe lililorushwa siku ile, kulikuwa na ngazi nyuma ya matangi ya shule, na wavulana wanne, na simu, wakamshika mabega wakamwambia sema Mimi si kitu, akakataa, wakamkunja mkono, sema Mimi si kitu, mara tatu, na akasema, mara tatu, kwa sauti ile anayotumia akiwa na homa, kisha Basel akamsukuma akashuka ngazi tisa kwa mgongo, mkono ukavunjika mahali pawili, sekunde arobaini, video nzima ni sekunde arobaini, ilifika kwenye simu za watu kabla yeye Ibtihal hajafika hospitali, hata wanafunzi wake wa shule ya wasichana waliiona, alijua kwa jinsi walivyonyamaza akipita, kunyamaza kama huku kwa leo, na yeye aliitazama mara moja tu, akaizima, akasema yatosha, lakini kitu kimoja kati ya vile vya kwenye video hajamwambia mtu, hata mumewe Nayef, kwamba mwishoni kabisa, mtoto akiwa chini, Basel anainama na kusema, "Kamwambie mama yako atupikie kahawa," na wote wanacheka, kicheko cha utani wa siku nyingi unaojulikana, na alijiambia ni matusi tu, watoto husema lolote.

Sauti nyingine sasa, nyembamba, ya pua, anaijua, ni ya Ustadh Ratib, mkuu wa shule ya wavulana, kumbe naye amekuja, amekuja na upande wa wageni, haya, mwalimu wa mtoto aliyevunjwa amepanda gari la waliovunja, "Mimi ni mtumishi wenu tu," anasema, "na niruhusuni niseme neno moja, njia hii tunayoifuata leo ndiyo njia ya baba zetu, lakini aliyetukumbusha kwamba inafaa hata mashuleni ni mwenye nyumba hii mwenyewe, dada yetu Mama Ghaith, cheti chake kile pale ukutani kinashuhudia," na Ibtihal akausikia mlio wa viti vikigeuka, wanaume arobaini wanakitazama cheti chake, fremu ya dhahabu, Nayef ndiye aliyekitundika kwa mikono yake, juu kidogo ya picha ya hayati baba yake, na uso wa Ibtihal ukawaka moto jikoni peke yake. Aisifuye mvua imemnyea.

Ilikuwa miaka mitatu iliyopita, na alikuwa ametoka semina ya siku nne hotelini Amman, makaratasi ya rangi, duara la viti, mpira wa kurushiana na anayeudaka aseme anavyojisikia, akarudi na begi la makaratasi na kichwa kinamuuma, akajiuliza kwa nini tuombe mpira kwa watu wakati sisi tuna kikombe, mababu walizima damu ya watu waliouana kwa kikombe kimoja cha kahawa, kitashindwaje na wasichana wa darasa la tisa, na aliona ni wazo zuri, bado anakumbuka jinsi lilivyomfurahisha, alilala nalo kama mtu aliyeokota pete, na msichana alikuwepo tayari, Hanadi, binti wa mfugaji, mrefu, mkimya, wa kwanza kwa hesabu, wenzake wanne walimwita Zizi, walikuwa na chupa ya manukato, kila akiingia darasani wanampulizia mpaka akohoe, wanashika pua, na darasa zima linashika pua, walimu wawili waliona wakatabasamu, basi Ibtihal akatandika zulia ofisini, akaleta birika lake la shaba la harusi, hili hili ambalo shemeji yake mdogo amelishika sebuleni sasa hivi, akawapanga wale wanne kama ujumbe wa wazee, na mkubwa wao, mtoto wa daktari wa meno, akaweka kikombe mezani akasema maneno yote bila kukosea, hatutaionja mpaka utupe tulichokijia, na Hanadi akakitazama kikombe, akakitazama muda mrefu, kisha akainua macho, na hakuwatazama wale wanne, alimtazama Ibtihal, na macho yale yalikuwa yanauliza kitu, swali dogo tu, je, lazima, na Ibtihal kwa mapenzi yote, kwa mapenzi, Mungu ni shahidi, akatikisa kichwa kumhimiza, haya mwanangu, na mkuu wa shule yao ya wasichana alikuwa ameshatayarisha simu ya kupiga picha, na sinia la kunafa, kitamutamu cha jibini, lilikuwa linapoa. "Kunyweni kahawa yenu," Hanadi akasema. Wakakunywa. Makofi. Picha ikawekwa kwenye ukurasa wa shule, idara ya elimu ikapiga simu, walimu kutoka shule sita wakaja kujifunza, na huyu Ustadh Ratib alikaa mstari wa mbele na daftari jipya akiandika kila kitu, hata kiasi cha iliki.

Mnyang'anyi ukimpa karatasi ya msamaha anaibandika mlangoni, hilo hakulijua, alijifunza baadaye na kwa gharama ya mtu mwingine, wale wanne wiki iliyofuata walianza kufungua begi la Hanadi wakati wa mapumziko, wanatoa mkate wake wa majani ya zaatari wanagawana, na mmoja anasema kwa sauti ya kizee, "Kunyweni kahawa yenu," na wote wanajibu asante, wakimpulizia manukato Kunyweni kahawa yenu, wakimkanyaga mguu Kunyweni kahawa yenu, wakayageuza wimbo, wakaupigia meza, na Hanadi atalalamika wapi, ameshasamehe, kuna picha, na wiki ya tatu alikuja akasimama mlangoni pa ofisi, nusu ndani nusu nje, na Ibtihal alikuwa na kazi, alikuwa anaandika ripoti, ripoti ya nini, ya mafanikio ya Hanadi, jina lake lilikuwa limeandikwa pale kwenye karatasi wakati mwenyewe amesimama mlangoni, "Ustadha," akasema, "kahawa ikishanywewa, mtu anaweza kurudisha maneno yake?" na Ibtihal akacheka, ndiyo, alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu mzima anavyocheka na mtoto, "Ikishanywewa imeshanywewa, mwanangu, kuwa na moyo mpana," na Hanadi akasema sawa, ustadha. Sawa, ustadha. Akaufunga mlango polepole usipige kelele. Baada ya likizo ya baridi hakurudi, na mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza kwa hesabu akawa mstari uliokatwa kwenye daftari la mahudhurio, na Ibtihal alipokwenda kwao, ilikuwa siku ya mvua, gari likakwama matopeni, mama yake alimpokea ukumbini kwa adabu zote, akateleka kahawa kama inavyompasa mwenye nyumba, na harufu ilipoanza tu mlango wa nyuma ukafunguka, mama akasema bila hasira, na ingekuwa afadhali angesema kwa hasira, "Msamehe, hawezi hiyo harufu, tukipika kahawa hutoka nje, hata mvua inyeshe," na kupitia dirishani Ibtihal akamwona, karibu na tangi la maji, amesimama na mgongo wake mrefu, kitambaa cha kichwa kimemgandama, haangalii kitu, anangoja tu watu wamalize kunywa. Na yeye akanywa. Hilo ndilo linalomwamsha. Aliogopa kumvunjia mwenyeji heshima, akakinywa kikombe chote.

"Mbona umeganda?" Bi Fidda alinong'ona, "mwanamke wewe, sali, sema lolote, Mutlaq ataongea sasa hivi, jambo litaisha tupumue," jambo litaisha, kila mtu tangu Jumatano anamwambia jambo litaisha, na ni kweli kwamba yeye mwenyewe alilitaka liishe, usiuseme uongo, Ibtihal, ulilitaka, ulikaa kitandani ukahesabu, Nayef asigombane na kaka yake, ukoo usigombane na ukoo, mtoto arudi shuleni, video isahaulike, watu husahau, yaliyopita si ndwele, ukasema moyoni labda kwa wavulana ni tofauti, labda kwa wazee wazima mbele ya sheikh ni tofauti, ukakaanga buni kwa mkono wako, hakuna aliyekulazimisha, mkuki kwa nguruwe mtamu, na hata leo mkuki umekugeukia wewe bado unaupaka mafuta, "...na nitawaambia zaidi," Ustadh Ratib bado amesimama, utamu wa kusikilizwa umempanda kichwani, "njia ya Mama Ghaith mimi nimeitumia mara saba mwaka huu, mara saba, ofisini kwangu, na birika langu mwenyewe, hata hawa vijana wetu wawili, Basel na Ghaith, niliwahi kuwakalisha mwezi wa pili, wakanywa, wakabusiana, wakatoka wanacheka, moyoni hawana kitu hawa, ni shetani tu amewapitia baadaye, basi tulikwisha kupatana mara moja, mara ya pili itatushindaje?" na wanaume wakaguna, kweli, kweli, wagombanao ndio wapatanao, na mkono wa Ibtihal uliokuwa juu ya mpini wa birika ukaanza kuungua naye hakuutoa mpaka alipoisikia harufu ya ngozi yake.

Mwezi wa pili. Ngazi ilikuwa mwezi wa nne. Mwezi wa pili Ghaith alirudi nyumbani siku moja akakataa kula, akasema tumbo, yeye akampa maji ya mnanaa, mwezi wa pili viatu vyake vilipotea, akasema kaviacha msikitini, mwezi wa pili na wa tatu na wa nne alikuwa anakaa pale mezani jioni, mbele yake, mbele ya mshauri wa wanafunzi mwenye cheti, naye akimuuliza kila siku, kila siku alimuuliza, haukuwa uzembe, alimuuliza shule vipi, baba, na mtoto akasema salama, na aliamini salama kwa sababu ni neno rahisi kuliamini... akageuka. Akachuchumaa mbele ya kigoda, magoti yakalia, akanong'ona, "Ghaith. Ni kweli alisema Ustadh Ratib? Mlikunywa?"

Ghaith akavunja ganda la iliki. "Walikunywa wao."

"Na wewe ulisema?"

"Alisema niseme. Alisema ni njia ya mama yako, usimwaibishe mama yako." Akatoa mbegu, akaziweka kwenye fungu la mbegu. "Nikasema."

"Na baada ya hapo wakaendelea."

Jibu lilikuwa na plasta. "Kwa nini hukuniambia, mwanangu? Mimi mama yako. Kwa nini hukuniambia?" na sauti yake ilipanda kidogo hata Bi Fidda akaweka kidole mdomoni, na mtoto ndipo akainua kichwa, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akamtazama kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo muulizaji mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

"Kahawa ilishanywewa, mama."

Na dirisha la juu ya sinki lilikuwa nyuma yake, alilihisi mgongoni, akawaza kwamba msichana yule sasa amegeuka, kama akitazama atauona uso, na uso utakuwa na swali lile lile, je, lazima, limekaa pale miaka mitatu linangoja jibu na jibu alilolitoa lilikuwa kichwa kutikiswa na kicheko na kikombe kitupu, na mara saba, Ratib alisema saba, wale wengine sita wako wapi sasa hivi, wako majikoni mwao wanamenya nini, na ule utani, mama yako atupikie kahawa, haukuwa tusi la kubuni, ulikuwa habari, walikuwa wanamweleza kwenye video kwa sauti ya wazi kabisa jinsi inavyofanyika na yeye akaizima simu, na wazo jingine likamjia, dogo, la kijinga, lililopaswa kumjia miaka mitatu iliyopita akiwa na birika la shaba mikononi, kwamba mababu walipoweka kikombe waliweka mbele ya mwenye kidonda, mwenye kidonda alikuwa mzee mwenye bunduki ukutani na wanaume nyuma yake, angeweza kusema hapana na hapana yake ingeogopwa, ndiyo maana ndiyo yake ilikuwa na thamani, na wao walikichukua kikombe wakakiweka mbele ya mtoto ambaye hapana yake hata paka haiogopi, wakamzunguka, wakatayarisha kamera, wakaita suluhu. Na leo hawakukiweka hata mbele ya mtoto. Wamekiweka mbele ya Mutlaq. Mutlaq anaumwa nini, Mutlaq mikono yake miwili mizima.

"Ghaith," akasema, na alikuwa bado amechuchumaa, na aligundua kwamba hajawahi kumuuliza hivi, alimuuliza shule vipi, alimuuliza nani kaanza, alimuuliza inauma wapi, hili hajawahi, wala hakumuuliza Hanadi, wala ile fomu ya idara yenye maswali ishirini na manne haina nafasi ya swali hili, "wewe unataka nini?"

Ghaith alifikiri. Alifikiri kweli, alionekana akifikiri, kama mtu aliyepewa kitu asichokijua akakigeuza kutafuta pa kukishikia, na sebuleni Mutlaq akaanza kujikohoza, kikohozi chake cha hotuba, mara mbili, kila mtu katika ukoo anakijua, na Bi Fidda akaacha tasbihi yake, akaegemea mbele, na kwa mara ya kwanza Ibtihal aliona kwamba huyu si wa kumnyamazisha tu, naye pia anangoja jibu, mwanamke wa miaka sabini na minne ambaye pengine hakuulizwa hata mara moja.

"Nataka ipoe," Ghaith akasema.

Akasema hivyo tu, kwa sauti ya kawaida, akarudi kwenye iliki, na Ibtihal akasimama, akanyoosha mkono akazima moto chini ya birika la pili, na ulikuwa mlio mdogo, tik, mdogo kuliko wa kikombe mezani, akatazama dirishani, kulikuwa na tangi la maji na ukuta wa jirani na jua la alasiri, hakuna mtu, na kutokuwepo kwake hakukumfariji, maana alijua sasa yule binti yuko wapi, yuko kwao, nusu saa kwa gari, na kesho ni Jumamosi, ataenda, na atakachosema akifika hakijui, ila hatakunywa chochote, na Jumapili ataingia idarani na kile cheti kwapani, watacheka, wacheke, na hayo yote ni ya kesho na keshokutwa, ya leo ni mlango huu, nyuma ya mlango huu kuna wanaume arobaini ambao hakuna mwanamke aliyewahi kuwaingilia kikombe kikiwa mezani, Nayef atainamisha kichwa, Mutlaq hatazungumza naye mwaka mzima, shemeji zake watakuwa na la kusema mpaka wafe, na anaogopa, lakini buni ni yake, aliikaanga yeye, aliisaga yeye, maji aliyapima yeye, na mtu aliyepika anaweza walau kuingia kuangalia kama imepoa.

"Enyi wageni wetu," Mutlaq alianza, "mmekuja kwenye nyumba yenu," na huo ulikuwa mwanzo tu, bado angewataja babu wanne na mvua ya mwaka jana kabla hajayafikia yale maneno matatu. Ibtihal alijifuta mkono ulioungua kwenye nguo, akaushika mpini wa mlango. Nyuma yake hakusikia tena ganda la iliki likivunjika.